Umenunua Mombasa, lakini kimetengenezwa wapi?

Wiki iliyopita aliingia ofisini mama mmoja mwenye duka la vyombo Ngamiani, hapa Tanga, mteja wetu wa miaka mingi. Shikamoo yangu aliiitikia nusu nusu, akakaa kwenye benchi, akatoa karatasi ya makadirio ya forodha kwenye mkoba na kuitandaza mezani.

"Mwanangu, mimi na wewe tumetoka mbali. Hebu nisomee hapa. Hii milioni moja na laki tisa ni ya nini? Si tuko Jumuiya ya Afrika Mashariki? Si ushuru ulifutwa? Mmenila."

Neno hilo la mwisho lilinikaa kooni mchana kutwa. Si yeye wa kwanza kulisema mwaka huu. Kazi ya uwakala wa forodha, kutoa mizigo mpakani Horohoro na bandarini Tanga, ndiyo inayonilisha mimi na wanangu, na mtu akiniambia nimemla, siwezi kunyamaza. Kwa hiyo nimeona niandike yote hapa, ili mteja ajue shilingi yake inakwenda wapi kabla hajapanda basi la Mombasa.

Siku ile nilimwomba mama twende godauni. Tulifungua boksi la chupa za chai, nikaitoa moja na kuigeuza kitako juu. Pale chini, kwenye plastiki, pana maandishi madogo yaliyochomoza, unayahisi kwa kidole kabla ya kuyasoma: imetengenezwa China. Sahani za melamini, vilevile China. Kisha tukafungua furushi la beseni. Zile zina nembo ya kiwanda cha Kenya na jina la mji. Beseni zilipita bila ushuru wa forodha, kwa sababu nilimpigia muuzaji wake simu mara tatu mpaka akaleta cheti cha uasilia. Chupa na sahani hazikupita hivyo, na zisingepita hata angeleta risiti kumi za Mombasa.

Hapo ndipo watu wanapopotea. Umoja wa Forodha wa Afrika Mashariki ulianza tarehe 1 Januari 2005. Kati yetu ulifuta ushuru kwa bidhaa zinazozalishwa ndani ya nchi wanachama, na hata hizo kutoka Kenya kuja kwetu zilipunguziwa kidogo kidogo mpaka 2010. Kwa kitu kinachotoka nje, nchi zetu zilikubaliana kuweka ukuta mmoja, yaani Ushuru wa Pamoja: malighafi sifuri, bidhaa za kati asilimia 10, bidhaa zilizokamilika asilimia 25. Tangu tarehe 1 Julai 2022 likaongezwa kundi la nne la asilimia 35, lenye vitu kama fanicha, bidhaa za ngozi na nguo. Chupa ya chai ya China haibadiliki kuwa ya Kenya kwa kulala miezi miwili kwenye duka la Mombasa. Risiti inaonyesha umenunua wapi. Cheti cha uasilia ndicho kinachoonyesha kimezaliwa wapi, na afisa wa forodha anauliza hilo la pili.

Hesabu ya mama ilikuwa hivi. Thamani ya chupa na sahani pamoja na usafiri na bima ni shilingi 4,000,000. Ushuru asilimia 25 ni 1,000,000. VAT, yaani kodi ya ongezeko la thamani, ya asilimia 18 haipigwi kwenye ile milioni nne peke yake, inapigwa ukishajumlisha na ushuru, yaani kwenye milioni tano: 900,000. Jumla 1,900,000, bado tozo ndogo ndogo. Zingekuwa zimetengenezwa Kenya na zina cheti, ushuru ungekuwa sifuri na VAT 720,000. Tofauti ni 1,180,000, na hakuna hata mia ya hizo iliyoingia mfukoni mwangu. Ada yetu imeandikwa mstari wake peke yake, na ina risiti yake ya EFD, ile mashine ya risiti za kodi.

Mama alisikiliza, kisha akauliza swali ambalo hata mimi linaniumiza: "Lakini yule Muhindi wa Mombasa si alishalipa ushuru kwa Wakenya? Nalipa mara ya pili?"

Ndiyo, analipa mara ya pili. Bei aliyopewa dukani tayari ina ushuru wa Kenya ndani yake, na akivuka anaulizwa tena. Hapa mteja ana haki kabisa ya kulalamika, na mimi nalalamika naye. Umoja wa forodha wa kweli ungelipisha mara moja mlangoni, basi, mzigo utembee. Tangu 2014 tuna utaratibu wa Eneo Moja la Forodha, ambao mzigo ukishuka bandari ya Mombasa na nyaraka zikasema mapema kwamba unakwenda Tanzania, kodi inalipwa moja kwa moja Tanzania. Lakini hilo linamfaa aliyeandika Tanzania tangu mwanzo. Mzigo ukishaingizwa kwa matumizi ya Kenya, ukawekwa rafuni, ukauziwa wewe kwa rejareja, umetoka kwenye njia hiyo.

Ndiyo maana kila mara nawaambia wenye maduka ya vyombo: changieni kontena, lije Tanga. Bandari yetu si ile ya zamani, ya meli kutia nanga huko mbali na mzigo kushushwa kwa matishari. Kina kimechimbwa mpaka mita 13 na meli inafunga gatini. Watu wanne wakiungana wanalipa ushuru mara moja tu. Wengi wananijibu kwamba Mombasa ni karibu na wanaona mali kwa macho. Sawa, lakini macho hayo yageuze chupa chini kwanza.

Kuna na hili la vigae. Fundi mmoja wa ujenzi alinunua Mombasa vigae vya Misri, vizuri kweli, bei rahisi mpaka hakuamini. Akaja na karatasi yenye mhuri, akasema cheti ninacho. Nilipoisoma ilikuwa cheti cha COMESA, soko la pamoja la nchi za mashariki na kusini mwa Afrika. Kenya na Misri wote wamo COMESA, kwa hiyo vigae vile viliingia Kenya kwa unafuu. Tanzania ilijitoa COMESA mwaka 2000, sisi tuko SADC, jumuiya ya nchi za kusini mwa Afrika, na Afrika Mashariki. Cheti kile upande wetu wa Horohoro ni karatasi tu. Alilipa ushuru kamili na faida yote ikaishia pale. Mwenye mali ya Afrika Kusini yeye mambo yake ni kinyume: kwa cheti cha SADC anapata unafuu Tanzania, akitaka kuvusha Kenya anakwama. Soko Huru la Afrika, ambalo biashara yake ilifunguliwa rasmi Januari 2021, nalo lina cheti chake na masharti yake. Usichanganye vyeti. Nipigie picha, nitumie, nitakwambia ni cha nini.

Sasa niseme kuhusu njia za mkato, maana zimewagharimu wateja wangu kuliko ushuru wenyewe.

Ya kwanza ni kugawa mzigo. Upo utaratibu rahisi wa wafanyabiashara wadogo: shehena isiyozidi dola 2,000, ya bidhaa zilizozalishwa Afrika Mashariki na zilizomo kwenye orodha, inapewa cheti rahisi palepale mpakani. Wauza machungwa wa Muheza wanaujua vizuri. Cheti hicho hakiuzwi. Anayekutoza hela ya "fomu" pale nje ya geti anakuibia, ingawa cheti cha afya ya mimea bado utakihitaji. Basi wajanja wakaona wakate mzigo wa dola 6,000 vipande vitatu. Nakumbuka ndugu watatu, fuso moja, ankara tatu zenye majina tofauti, mwandiko mmoja na kalamu ileile ya bluu. Afisa aliziweka ubavu kwa ubavu mezani, akacheka, akazijumlisha. Walikaa Horohoro siku nne wakisubiri cheti cha kawaida kutoka kwa muuzaji, huku fuso ikihesabu siku.

Ya pili ni kuazima cheti cha mtu. Cheti kina jina la msafirishaji, namba ya ankara, idadi na uzito. Forodha wakikitilia shaka wanaweza kuwauliza wenzao wa Kenya kama kweli wamekitoa. Jibu likija "hatukijui", wewe tayari si mteja aliyekosea, ni mtu aliyedanganya.

Ya tatu ni njia za panya. Kijana mmoja, sitamtaja, ananiita mjomba mpaka leo. Niliwahi kumpa makadirio ya viatu vya ngozi, akayaona makubwa, akaondoka kimya. Alivipakia kwenye ngalawa usiku, wapite nyuma ya mikoko. Bahari ikachafuka, maboksi yakalowa, na alfajiri walipofika ufukweni kulikuwa na watu wanawasubiri. Nilikwenda kumwona. Alikuwa ameshika kiatu kimoja, soli imeachia, gundi imevimba kama ugali mbichi. Sheria ya forodha ya Jumuiya ya mwaka 2004 inaruhusu kutaifisha mali pamoja na chombo kilichoibeba, na ngalawa haikuwa yake. Mpaka leo anamlipa mwenye chombo.

Kuna wanaouliza kwa nini tuna ukuta huo wa ushuru kabisa, si tuache kila kitu kiingie? Mimi ni mtu wa mipaka, ndugu zangu wa Kidigo wako Vanga na wako Moa, na marehemu baba alinisimulia jinsi Jumuiya ya kwanza ilivyovunjika 1977, mpaka ukafungwa hadi 1983, mtu anashindwa kwenda kumzika shangazi yake. Kwa hiyo nikisikia serikali zinafungiana milango, moyo unashtuka. Hata hivyo nimewaona watu wa viwanda vyetu pia. Sukari na mchele wa nje ya Jumuiya vimewekewa ushuru mkubwa kuliko makundi yale manne, na mkulima wa miwa au mpunga ananufaika. Hilo nalikubali. Nisilolikubali ni kufunga ghafla kati yetu wenyewe.

Tarehe 5 Machi 2021 Kenya ilizuia mahindi ya Tanzania na Uganda kwa sababu ya sumukuvu, sumu ya ukungu unaoota kwenye nafaka. Baada ya siku chache yakaruhusiwa kwa masharti: cheti cha kupimwa, sumu isizidi sehemu 10 kwa bilioni. Mwezi Mei Rais Samia alikwenda Nairobi na mambo yakalainika. Sisi nasi tulishafanya hivyo, 2017 tulipozuia mahindi yetu kutoka. Sumukuvu ni hatari ya kweli, inaua, siibishi. Lakini zuio lile la Machi lilimkuta mteja wangu mmoja barabarani na fuso ya mahindi, hana kipimo chochote, kwa sababu wiki moja kabla nilipomwambia apime aliniambia namwongezea gharama. Aligeuza gari, akauza Tanga kwa hasara. Mwingine, ambaye tulimkaushia mahindi juu ya turubai, tukamchambulia, akachukuliwa sampuli na kupimwa, masharti yalipotoka alikuwa na karatasi mkononi. Alivuka. Gharama ya kipimo ambayo mwenzake aliilalamikia, yeye hata haikumbuki.

Na hapa niwajibu wanaolalamikia ada yetu, kwamba kuna wakala anafanya kwa nusu. Sisi tunafungua boksi. Tunasoma lebo moja moja, tunatafuta namba ya HS ya kila bidhaa, yaani namba ya forodha inayoonyesha bidhaa iko kundi gani, hatuandiki "vyombo vya nyumbani" kwa jumla kisha tukaomba Mungu. Namba ikikosewa, tofauti inadaiwa baadaye na faini juu yake, na yule wa nusu bei simu yake haipatikani. Pia makadirio ya Juni usije nayo Julai ukanishikia shati. Kila mwaka mwishoni mwa Juni, baada ya bajeti, gazeti rasmi la Jumuiya linatoka na viwango vipya, na kila nchi inaomba kuongeza hiki au kupunguza kile kwa mwaka mmoja. Ndiyo sababu bidhaa moja inaweza kutozwa tofauti Kenya na Tanzania ingawa ushuru unaitwa wa pamoja.

Tunachoomba kwa mteja ni kidogo. Kabla hujalipa Mombasa, piga picha ya bidhaa, ya lebo, ya kitako, na ya boksi. Muulize muuzaji kama kiwanda kitakupa cheti cha uasilia, na jina litakaloandikwa ni la nani. Tutumie kwa WhatsApp. Kuangalia picha hatutozi.

Juzi saa mbili usiku simu iliita mfululizo. Ni mama wa vyombo, yuko Mombasa, amenitumia picha kumi na saba za vitako vya chupa, sufuria na beseni. Sufuria nane kati ya hizo ni za Kenya. Nimemwambia asitoe hela mpaka muuzaji amwonyeshe cheti, naye akanijibu kwa sauti: "Nimekaa hapa kwenye kiti chake, mwanangu. Siondoki."