Somo yangu, mpishi umwendee kwake

Mtanda, Lindi
14 Septemba

Somo yangu mpendwa,

Assalaam aleikum. Sisi huku hatujambo. Mama anakusalimu, na ameniambia nisisahau kuandika kwamba anakuombea kila baada ya swala. Ujumbe wako niliusoma mara mbili, mara ya pili kwa sauti ili naye asikie. Kumbe posa imejibiwa, mahari imepokelewa, kamati imeshakaa na Desemba ndiyo imepangwa! Nimefurahi, somo, nimefurahi hadi machozi yamenitoka.

Umeniuliza utawapataje mpambaji mzuri na mpishi mzuri huko Mtwara. Majina watakupa watu wa Chikongola wenyewe, wanawajua kuliko mimi. Mimi nataka nikuandikie jambo ambalo kabla ya harusi yangu hakuna aliyeniambia: ukishawapata, utaishi nao vipi mpaka siku yenyewe ifike.

Kwanza ikumbuke Desemba ya kwetu Kusini. Minnada ya korosho ikishaanza Oktoba na malipo yakaingia, kila nyumba iliyokuwa na shughuli inaitoa. Jumamosi moja mpambaji huyohuyo anaweza kuwa na kazi Shangani, nyingine Mikindani na nyingine Naliendele. Vitambaa ni vilevile, vijana wa kufunga ni walewale, na kirikuu cha kubebea ni hicho kimoja. Siku kama hiyo mtu huamua mwenyewe moyoni aanzie kwa nani na nani atamsubiri. Kwa hiyo wahi, Oktoba isikukute hujatoa kianzio. Lakini kianzio peke yake hakimfanyi mtu akukimbilie.

Mpishi umwendee kwake. Usimpigie simu ukamuuliza bei. Mimi na mama tulikwenda Mikumbi baada ya alasiri, kwa bi mkubwa mmoja ambaye amepikia harusi tangu mimi sijazaliwa. Tulikaa mkekani, tukanywa maji, akauliza bwana harusi ni wa ukoo gani. Mazungumzo ya kazi aliyaanza yeye, na maswali yake mengi mimi sikuwa nimeyafikiria hata kidogo. Kuni zitatoka wapi? Maji ni ya bomba au ya kuchota? Jiko litakaa upande gani, maana upepo wa baharini ukiingia kwenye moto masufuria hayaivi sawasawa? Wazee wangapi watapelekewa sinia majumbani? Nani atakipokea chakula mkononi mwake kikishapakuliwa?

Nikamwambia kadi ni 200. Akanishika mkono, akaniambia, "Mwanangu, pilau ya harusi hapa Lindi hailiwi kwa kadi. Jirani huwezi kumpa kadi, na mtoto hahesabiwi, lakini wote watakula." Kwa kipimo chake, kilo moja ya mchele inatoa sahani nane zilizojaa. Akahesabu watu 300, akataka kilo 38, na mbili juu yake za akiba. Kamati yetu ilikuwa imeandika kilo 25. Tungempigia simu angepika hizohizo 25, kwa kuwa mtu aliyeulizwa bei hujibu bei.

Usiku wa kuamkia harusi mama alihakikisha wale wanawake watano wa kumenya vitunguu wana chai, wana mihogo, na wana mkeka wa kujinyoosha. Saa tisa usiku umeme ukakatika. Hawakusimama, somo. Waliendelea kwa tochi za simu, ya mmoja ikizima ya mwenzake inawashwa. Asubuhi mama akatoa amri ambayo na wewe nakuomba uitoe: sinia la wapishi litengwe kwanza, kabla halijapakuliwa la mgeni yeyote. Shughuli nyingi nimewaona wapishi wakila ukoko jioni baada ya kulisha mji mzima, na roho huniuma. Mpiga picha naye, kijana wa muziki, mshereheshaji, dereva, wote watajiwe mahali pao pa kukaa na kula. Wanafika kabla ya wageni na wanaondoka baada yao.

Kwa mpambaji ndiko nilikokosea, na nakusimulia ili wewe usipite njia hiyo. Tulikubaliana rangi mimi na yeye, nikatulia. Kumbe shangazi mmoja alimpigia akataka nyeupe na dhahabu. Mama mdogo naye akampigia, akataka zambarau. Wifi yangu mtarajiwa akamtumia picha za harusi ya Dar es Salaam. Kila mmoja alijitambulisha kuwa ni mtu wa harusi, na ni kweli. Ghafla mpambaji akawa hapokei simu. Siku aliyopokea nikamtolea maneno makali, akanyamaza.

Mama ndiye aliyeniambia niende nikamwone. Nilimkuta na marobota ya vitambaa vya rangi tatu, viwili kavinunua kwa pesa yake mwenyewe, kwa sababu kianzio chetu kiliishia kwenye rangi ya kwanza. Nilimwomba radhi palepale. Kile kitambaa ambacho alishakikata nililipa, na kikao kilichofuata nikasema mbele ya wote kwamba kuanzia siku ile anayezungumza na mpambaji ni dada yangu mkubwa peke yake. Shangazi alinuna wiki nzima. Nilimwendea pia, tukayamaliza. Na wewe mchague mtu wako mapema, awe anayesikilizwa na pande zote mbili, na namba yake ndiyo wapewe wote: mpambaji, mpishi, MC, wa keki, wa viti.

Unakumbuka harusi yangu ilikuwa Mei 2024, wiki moja tu baada ya Kimbunga Hidaya. Barabara ya kwenda Dar ilikatika pale Somanga, magari yakalala njiani, na maua mabichi tuliyoagiza yalikuwa yaje kwa basi wiki hiyohiyo. Mpambaji hakungoja tumuulize. Alimpigia dada siku ileile, akamwambia maua msiyategemee tena, nipeni vijana wawili wenye mapanga na mniombee ruhusa kwa majirani. Akakusanya makuti machanga, akakusanya bogenvilia za mji mzima, asumini zikasukwa na wanawake wa nyumbani usiku ule wa vitunguu. Ulikuwepo, uliona jukwaa lilivyokaa. Jambo ambalo hukuliona ni hili: baada ya harusi alikuja na pesa ya maua ambayo haikutumika, akaihesabu mbele ya mama juu ya mkeka. Huyo ni mtu niliyekuwa nimemkosea. Kila nikimkumbuka namshukuru Mungu kwamba nilikwenda kumwomba radhi kabla sijamhitaji.

Sasa pesa. Hapa sitakuficha, harusi nyingi za kwetu zinawadhulumu watu wa kazi, na tunajifanya ni kawaida. Kamati inaandika ahadi za michango kama vile imeshazipokea, halafu siku ya harusi mweka hazina anazima simu. Kuna harusi ya jamaa zetu ambapo mpiga picha alisimama mlangoni hadi saa sita usiku akidai pesa yake iliyobaki. Alizishika picha karibu mwaka mzima, watu wakamsema vibaya. Mimi kwa upande wangu naona alikuwa na haki.

Ninyi gaweni malipo mara tatu: kianzio siku ya makubaliano, sehemu ya pili wiki mbili kabla, na ya mwisho Alhamisi, kabla maharusi hawajapakwa hina. Michango ikichelewa, yule mtu wenu wa kuzungumza ampigie mwenye kazi kabla yeye hajapiga, amwambie ukweli na tarehe mpya. Ujumbe wa malipo ya simu usifutwe. Na kila mtu mwandikiane karatasi, hata ya daftari: anakuja saa ngapi, analeta nini, nauli ya kirikuu ni ya nani, umeme ukikatika jenereta ni la nani na mafuta anaweka nani. Huko Mtwara mtasema gesi inatoka kwenu na umeme upo. Andikeni tu.

Kupatana bei si vibaya, sote tumekulia sokoni. Lakini pesa ikiwa haitoshi, punguza kazi. Mwambie mpambaji aache lango, apambe jukwaa tu. Ukimbana afanye yote kwa nusu ya bei, atapunguza vijana, na hao vijana ndio waliokuwa wapande juu kufunga taa zako. Hata kwa ndugu ni vivyo hivyo. Mjomba mwenye gari asiachiwe kujaza mafuta mwenyewe kwa kuwa ni mjomba. Mpe ya mafuta, na muda wa kufika umwambie kama unavyomwambia dereva wa kukodi.

Nimeandika sana na kalamu inaelekea kuisha. Inshallah Jumatano ya wiki ya harusi nitapanda basi la asubuhi, nitashuka stendi ya Mkanaledi, msihangaike kunifuata, nitachukua bajaji. Zawadi yangu unaijua, ni ming'oko, vile viazi mwitu vya kwetu, na kikapu cha mama. Ila nakuomba unipangie Jumapili, siku ambayo wengine wote watakuwa wamechoka. Nataka nihesabu vitambaa, viti na masufuria mimi mwenyewe, vyenye madoa ya pilau nivifue, kilichovunjika nikiandike, kisha nivirudishe kwa wenyewe mmoja mmoja kabla ya magharibi. Kwa mpishi wako niachie sinia nimpelekee, na unielekeze kwake ni wapi.

Mkwe mtarajiwa msalimie.

Ni mimi,
somo yako wa Lindi