Kuzungumza hakufunzwi kwa kalamu

Mhariri,

Ninarejelea taarifa mliyochapisha kuhusu vijana wenye alama nzuri ambao hutetemeka na kupotewa na maneno mbele ya jopo la mahojiano ya kazi. Lawama zilielekezwa kwa vijana. Mimi naona zimekosea njia.

Tazama mtihani wa Kiingereza wa KCSE, ule wa kitaifa wa kumaliza kidato cha nne nchini Kenya. Sehemu ya stadi za kuzungumza hufanywa kwa maandishi: mtahiniwa huandika jinsi ambavyo angejiandaa kwa hotuba, au neno gani angelitilia mkazo, bila kufungua kinywa. Midahalo ya shule nayo imekuwa mali ya wasemaji wale wale wanne, na wengine ni wa kupiga makofi. Mtoto anaweza kumaliza kidato cha nne bila kusimama mbele ya wenzake hata mara moja. Woga huo utaondokaje?

Mtaala mpya wa umilisi (CBC), unaotilia mkazo kile mwanafunzi anachoweza kufanya, umeipa stadi ya Kusikiliza na Kuzungumza nafasi yake, ila darasa likijaa, ndiyo ya kwanza kurukwa. Napendekeza kila mwanafunzi apewe dakika mbili kila muhula, kwa zamu ya orodha ya darasa wala si kwa kujitolea, azungumzie jambo analolijua: kukama ng'ombe, kutengeneza chapati, chochote. Asisome karatasi. Anayetaka Kiswahili aruhusiwe, na anayecheka wenzake awe wa pili kusimama. Alama za zoezi hili ziingizwe kwenye ripoti ya mzazi.

Mwalimu mstaafu,
Machakos