Kwa Rukia: pesa za Salma zikae Juni nzima

Mombasa,
Januari 2026

Shoga yangu Rukia,

Assalaam aleikum. Baada ya salamu, sisi huku wazima, hofu ni kwenu Lamu. Baba watoto anakusalimu, na mama mkwe anauliza mbona mwaka mzima hujateremka Mombasa.

Binti yako Salma alinipitia juzi hapa saiba, kwenye duka langu la intaneti, na barua yake ya kukubaliwa kusoma uzamili wa uhandisi Uingereza, meno yote nje. Nilimpongeza, nikamtilia juisi ya ukwaju, nikajaribu kumweleza yaliyobaki, lakini mtoto mwenye furaha hasikii nusu ya anayoambiwa. Ndipo nikaona heri nikuandikie wewe, usome kwa utulivu, kisha umsomee babake.

Chuo kimemkubali Salma. Serikali ya Uingereza bado. Hayo ni mambo mawili mbalimbali, na watoto ninaowajazia fomu hapa kila mwaka hawaangushwi na alama za mtihani. Huangushwa na pesa. Si kwamba hazipo. Pesa zipo, lakini zimefika zimechelewa, au ziko kwa jina la mtu asiyehesabiwa.

Nianze na hiyo barua. Ni ya masharti. Chuo chataka transkripti kamili, cheti cha digrii, na malipo ya kwanza ya pauni 4,000. Cheti chenyewe hukabidhiwa siku ya mahafali, kwa hivyo aende kwa msajili wa chuo alichosomea pale Tudor aombe barua ya kuthibitisha kwamba amemaliza masomo. Akitimiza yote, chuo kitampa namba inayoitwa CAS, na bila hiyo namba hakuna maombi ya viza. Yaishi miezi 6, na hutolewa na chuo chenye leseni ya serikali yao peke yake. Nakwambia hivi kwa sababu kuna wakala hapa mjini, jina nalihifadhi, alimtoza jirani yangu pesa nzuri "kumtafutia CAS." CAS haitafutwi, Rukia. Na mawakala wengi hulipwa kamisheni na vyuo vyenyewe kwa kila mwanafunzi wanayempeleka, kwa hivyo akikulipisha na wewe anakula huku na huku.

Sasa pesa. Tafuta kalamu.

Karo ya Salma ni pauni 19,000. Tukitoa zile 4,000 za mwanzo, zimebaki 15,000. Juu ya hizo serikali yataka kuona pesa za kujikimu: pauni 1,171 kwa mwezi kwa anayesoma nje ya London, hadi miezi 9. London kwenyewe ni 1,529. Chuo chake kiko nje, alhamdulillahi, kwa hivyo ni 10,539. Jumla 25,539. Kwa shilingi zetu ni zaidi ya milioni nne, na hizi si za kulipa, ni za kuonyesha tu. Za kulipwa ni nyingine: ada ya viza, iliyo pauni 524 Januari hii, na ile ya matibabu, ambayo kwa mwanafunzi ni 776 kwa mwaka. Yeye kozi yake ni ya mwaka mmoja lakini viza humwongezea miezi kadhaa mwishoni, kwa hivyo atatozwa mwaka na nusu, yaani 1,164. Ada zao hupenda kupanda mwezi wa Aprili, basi msibane hesabu mpaka ikakatika.

Kuwa nazo hakutoshi. Lazima zikae benki siku 28 mfululizo, na katika siku hizo zisishuke chini ya kiwango hata siku moja. Hata jioni moja. Nimemwona kijana ambaye babake alichomoa kidogo akalipe fundi wa paa, akarudisha siku ya pili. Stetimenti ilionyesha kila kitu, na siku zikaanza kuhesabiwa upya. Na siku ya mwisho ya hiyo stetimenti isizidi siku 31 kabla ya kuomba viza.

Halafu, za nani? Hapa ndipo nilipotaka kufika. Wanakubali akaunti ya mwanafunzi mwenyewe, au ya mzazi, au mlezi wa kisheria. Ami hahesabiwi. Mjomba hahesabiwi. Najua Ami Said wa Muscat ameahidi nusu, na Mwenyezi Mungu amlipe, lakini akituma stetimenti yake ya Muscat itakuwa haina faida yoyote. Hizo pesa zihame kutoka kwake ziingie kwa Salma au kwa babake, ndipo siku 28 zianze. Vivyo hivyo mchango wa ukoo. Sisi watu wa pwani twajua kuchanga, lakini huchanga mtu akishafika uwanja wa ndege! Na ile shamba ya minazi, hisa za babake, dhahabu yako ya harusi, vyote ni mali lakini mbele ya ofisa wa viza si kitu mpaka viuzwe vigeuke pesa taslimu benki.

Mtasikia pia kuna watu hukodisha pesa: wanakuwekea milioni zao akauntini kwa mwezi, unawalipa riba, wanazichukua. Mbali na kwamba riba ni haramu na wewe wajua, ofisa ana haki ya kuuliza pesa zimetoka wapi. Na akigundua stetimenti ya kughushi, mtoto anaweza kupigwa marufuku miaka 10. Usimruhusu mtu hata akupe mfano.

Ushauri wangu ndio huu. Masomo yaanza mwishoni mwa Septemba. Iddi kubwa yatarajiwa mwishoni mwa Mei, na wewe wajua pesa zinavyopotea nyumbani wiki ya Iddi. Basi chinjeni, mlisheni mtakayemlisha, kisha kila mchango uwe umeshaingia ifikapo tarehe 1 Juni. Juni nzima isiguswe. Tutatoa stetimenti inayoishia tarehe 30, tuombe viza Julai, kabla Julai haijaisha. Wekeni na ziada, maana zikiwa kwa shilingi na shilingi ikayumba, kiwango cha pauni kinashuka nanyi mmelala.

Kiingereza kisikutie wasiwasi. Kenya haimo katika orodha yao ya nchi ambazo Kiingereza ndicho lugha ya wengi, kwa hivyo lazima athibitishe, lakini kwa kozi ya digrii na kuendelea chuo chenye sifa kinaruhusiwa kumpima chenyewe, na vyuo vingi huridhika na alama ya Kiingereza ya KCSE, ule mtihani wetu wa kidato cha nne. Awaulize kwa barua pepe, jibu alihifadhi. Mdogo wake akija kutaka kwenda mwakani na KCSE tupu, hiyo ni habari nyingine kabisa: vyuo vingi kule humtaka aanze na mwaka wa maandalizi, kwa kuwa sisi form five na six tuliziaga na mtihani wa mwisho wa KACE mwaka 1989.

Kuna kitu kimoja ambacho watu wa uhandisi husahau. Kinaitwa ATAS. Ni kibali cha serikali yao kwa baadhi ya kozi za sayansi na teknolojia zinazoweza kuhusiana na silaha, na umeme wa aina fulani umo. Ni bure, lakini huchukua wiki kadhaa, na kama chuo kimesema kozi yake yakihitaji, basi ombi la viza bila ATAS ni kazi bure. Salma aulize leo, asingoje CAS.

Kipimo cha kifua kikuu pia. Hospitali zetu hapa, kubwa kwa ndogo, hawazitambui kwa jambo hili. Ni kliniki ya IOM, lile shirika la kimataifa la uhamiaji, kule Nairobi. Cheti chadumu miezi 6, kwa hivyo asikimbilie sasa hivi kikaisha kabla ya kazi. Alama za vidole pia atazitoa Nairobi, basi apange vyote kwa safari moja ya treni ya SGR, alale kwa binamu yake Eastleigh. Viza yenyewe siku hizi haigandishwi kwenye pasipoti, iko kwenye mtandao, usije ukalia kuona kurasa tupu.

Nije kwa la harusi, na usinikasirikie. Nimesikia mnataka kumwoza kabla hajaondoka, na kwamba bwana harusi atamfuata. Hatamfuata kwa viza ya Salma. Tangu Januari 2024, anayesoma shahada ya uzamili ya darasani haruhusiwi kuja na mume wala watoto. Ruhusa hiyo imebaki kwa wanaofanya utafiti. Mkimwoza, mwozeni kwa sababu zenu, ila wote wawili wajue watakaa mbalimbali mwaka mzima. Mimi ningengoja. Lakini mimi si mamake.

Na huenda akapigiwa simu ya video ahojiwe: kwa nini kozi hii, kwa nini chuo kile, nani analipa, na baadaye atafanya nini. Ajibu kwa maneno yake, si ya kukariri. Akitaka kubaki kutafuta kazi baada ya masomo, kuna ruhusa. Ila wanaoomba kuanzia Januari 2027 watapewa miezi 18 badala ya miaka 2, naye yumo katika hao. Wakati wa masomo kazi ni saa 20 kwa wiki, basi Ami Said asidhani ataanza kurudishiwa pesa zake Disemba.

Lililobaki lakuhusu wewe. Mkitumia akaunti ya babake, twahitaji cheti cha kuzaliwa cha Salma na barua ya babake ya kuridhia. Nimeangalia nakala aliyoniachia: cheti chasema babake ni Abdalla Omar. Kwenye kadi ya benki ni Abdallah Omar Shee. Kwetu sisi ni mtu mmoja, lakini ofisa wa Uingereza hajui. Aende kwa wakili aape hati ya kiapo kwamba majina yote mawili ni yake, na afanye hivyo kabla ya Ramadhani maana baadaye ofisi hufunga mapema. Nitumie picha ya kitambulisho chake kwa WhatsApp, pande zote mbili, isiwe ya ukungu kama ile ya mwisho. Na umwambie anipigie mwenyewe usiku baada ya Isha, saiba ikiwa imetulia.

Wako,
Mwanakombo