Programu ya umeme wa prosesa ikishindwa, iseme imeshindwa

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niwasihi waandishi wa programu, hasa wanaojitolea kurekebisha zana za mfumo endeshi wa Linux, waangalie upya namna programu za kudhibiti matumizi ya umeme ya prosesa zinavyoshughulikia makosa.

Jambo hili limeshanigharimu. Niliiamuru programu ya aina hiyo ishushe kasi ya juu ya viini vyote 8 vya prosesa ya seva (kila kiini ni sehemu inayofanya hesabu peke yake) hadi gigahezi 1.8, yaani iandike 1800000 katika faili la scaling_max_freq la kila kiini, kwa kuwa kerneli, yaani sehemu kuu ya mfumo endeshi inayosimamia maunzi, huhesabu kasi hiyo kwa kilohezi. Kiini cha nne kilikuwa kimezimwa. Programu ilipokifikia ikakoma kimya na kurudisha sifuri, ambayo katika mifumo ya jamii ya Unix maana yake ni kwamba kazi imekamilika salama, basi skripti yangu, yaani orodha ya amri iliyoiita programu hiyo, ikaendelea bila wasiwasi. Usiku feni zikavuma, na nilipochungulia nikakuta viini vinne vya mwisho bado viko kwenye kasi ya zamani.

Nilifungua msimbo wake. Kosa lilikuwa limegunduliwa ndani ya kitanzi, yaani sehemu inayorudiwa kwa kila kiini, ila halikupandishwa hadi mwisho wa programu. Pembeni nikakuta dosari nyingine iliyonisikitisha zaidi: kitendakazi (kipande cha msimbo) cha kuandika faili kilirudisha -1 kiliposhindwa, ilhali jibu lake lilitangazwa katika msimbo kuwa namba isiyokubali hasi. Kwa biti 32, -1 hiyo hugeuka 4294967295, hivyo sharti linalouliza kama jibu ni dogo kuliko sifuri haliwezi kutimia hata siku moja.

Wapo wanaoona kwamba kuchapisha neno "kosa" kunatosha. Mimi sikubaliani nao, kwa sababu katika Linux kila kosa lina namba yake: namba ya kosa 13 ni ya kunyimwa ruhusa na 22 ni ya thamani isiyofaa, na anayekosa haki za msimamizi hasaidiwi kwa ujumbe uleule wa aliyekosea tarakimu. Namba hiyo ihifadhiwe mara tu kosa linapotokea, kabla ya kufunga faili, maana ombi linalofuata kwa kerneli linaweza kuifuta. Kiini kilichozimwa kirukwe kwa taarifa, vilivyobaki vishughulikiwe, na kimoja kikishindwa programu irudishe namba isiyo sifuri.

Tena, uandishi uliofanikiwa si uthibitisho kamili: kerneli inaweza kuipokea thamani na kuirekebisha ili iingie ndani ya mipaka ya prosesa. Kwa hiyo faili lisomwe tena baada ya kuandikwa, na mtumiaji aonyeshwe kasi iliyokubaliwa, si ile aliyoiomba.

Wako,
Msimamizi wa seva