Igizo la Shilingi Mia Tano

Tabora, 4 Mei

Rafiki yangu Zuhura,

Salamu nyingi kutoka huku Tabora. Natumaini mama hajambo na watoto wote wa Ujiji ni wazima.

Barua yako nimeisoma, hasa pale unapouliza kama wanafunzi wa Kigoma wanaweza kutazama maigizo ya maana kwa shilingi 500, bila mfadhili na bila ukumbi wa kukodi. Wanaweza kabisa. Ila bei ya mlangoni unaiamua siku ile ile unapochagua igizo. Ukichagua lenye kasri, maleba ya kushona na taa za rangi, hakuna kiingilio cha mwanafunzi kitakachotosha.

Kwa kuwa unataka la Kihispania, chukua kichekesho cha Cervantes, mwandishi wa zamani wa Hispania, kiitwacho El retablo de las maravillas, kilichochapwa mwaka 1615. Matapeli wawili, Chanfalla na Chirinos, wanaingia kijijini na kutangaza onyesho la maajabu. Sharti lao ni kwamba haoni kitu mtu aliyezaliwa nje ya ndoa, wala mwenye damu ya Wayahudi walioingizwa Ukristo. Viongozi wa kijiji wanakaa mbele ya jukwaa tupu, na kila mmoja, kwa kuogopa maneno ya watu, anaapa kwamba anamwona Samsoni, fahali, panya, maji ya mto Yordani, simba na dubu. Mwishoni anafika mwanajeshi kutafuta malazi ya askari wake. Anasema haoni kitu, wanamzomea, naye anachomoa upanga na kuwacharaza. Umeona uzuri wake? Kila kilicho ghali katika igizo hili hakionekani. Unahitaji waigizaji kumi au kumi na mmoja, shuka moja, mabenchi matatu na mpiga ngoma.

Cervantes alifariki mwaka 1616, kwa hiyo hakuna wa kumlipa. Tafsiri ya Kiingereza ya miaka ya karibuni ina mwenyewe, hivyo ombeni ruhusa kabla ya kuigeuza Kiswahili. Lile sharti la damu liangalie kwa makini. Cervantes alikuwa akiwashambulia Wahispania wa wakati wake waliojisifia usafi wa ukoo, na kwenu Kigoma, mahali ambapo mtu anaweza kuulizwa uraia wake sokoni, usilifanye kuwa mzaha wa kabila wala wa mpakani. Liacheni lilivyo na lisemwe wazi ni la Hispania ya zamani, au mliweke hivi: haoni yeyote aliyewahi kupokea rushwa. Mimi ningechukua hili la pili.

Ugumu wenyewe uko kwenye macho. Igizo hili huanguka pale mmoja anapomtazama panya mguuni, mwenzake anamtazama ukutani, na watazamaji wanajua mara moja kwamba hakuna panya wala hakuna anayejali. Wiki ya kwanza ya mazoezi fungeni kanga iwe furushi la ukubwa wa embe, mlifunge kamba, mtu alivute sakafuni taratibu, wote walifuate kwa macho. Wiki ya pili toeni furushi, kamba ibaki. Wiki ya tatu toeni kamba. Fahali fanyeni vivyo hivyo kwa kijana anayetembea ameinama, macho ya wote yakae kwenye kimo cha kifua. Tena wasianze kuona kwa pamoja kama paredi. Aone mmoja, wa pili amtazame kwanza yule wa kwanza ndipo atazame fahali, maana anaiga woga wa mwenzake. Ile nusu sekunde ya kumwangalia jirani ndiyo kicheko chote cha igizo. Mwongozaji akiikosa, waigizaji hupayuka kufidia.

Kihispania chenyewe kisikutie hofu. Irabu zake ni a, e, i, o, u hizi hizi zetu, na neno linaloishia kwa irabu, n au s huwekewa mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, kama Kiswahili, isipokuwa pale alama ya mkazo imeandikwa juu ya herufi. Ñ ni ny ya nyanya. Ll isomeni y. H haitamkwi. J ni ile kh inayotoka kooni, na watoto wa Ujiji waliosoma madrasa watawafundisha wenzao kwa dakika mbili. Kwa kweli vijana wetu hutamka Kihispania kwa urahisi kuliko Kiingereza.

Msiweke mkalimani pembeni kama kwenye mahubiri. Ucheshi unafika umepoa, na dakika 40 zinakuwa 80. New York kuna Repertorio Español, kundi linaloigiza kwa Kihispania tangu 1968, na wasiojua lugha husomewa au kuandikiwa tafsiri kwa vifaa. Nyinyi hamna vifaa hivyo, basi jibu lenyewe libebe maana. Chanfalla aseme “¡El toro!” na kiongozi aruke juu ya benchi akilia, “Fahali huyo, jamani, nishikeni!” Mistari minane au kumi ya namna hiyo inatosha.

Mahali pa kuigizia tafuta uwanja wa shule wenye jengo upande wa magharibi, na jukwaa liwe mbele ya ukuta huo. Kwenu ziwa liko magharibi, na ukiwaketisha watazamaji wakilielekea jua la jioni bila kivuli, watakaa wamefumba macho. Ukuta unakata jua na unarudisha sauti mbele. Eneo la mita 6 kwa 4 latosha. Mikeka mbele, mabenchi nusu duara, waliosimama nyuma, na mtu wa mwisho asizidi mita 15, maana hapo sauti bila kipaza huanza kupotea. Anza saa 10:30 jioni, mwezi Julai, kiangazi. Jua Kigoma huzama karibu saa moja, kwa hiyo hulipii taa, hukatikiwi umeme, na wanafunzi wa bweni wanawahi chakula.

Kiingilio kiwe 500 kwa sababu sarafu yake ipo. Ukisema 300, foleni nzima inasubiri chenji na igizo linaanza nusu ya watu wako nje. Wakubwa watoe 2,000. Viranja wauze tiketi zenye mhuri tangu Jumatatu. Wanafunzi 160 na wakubwa 30 ni shilingi 140,000. Kurasa 14 za maandishi ya igizo kwa nakala 12, kwa shilingi 100 ukurasa, ni 16,800. Maleba azimeni nyumbani. Mwaka 1932 wanafunzi wa Madrid, wakiongozwa na mshairi na mwandishi wa maigizo García Lorca, walianza kuzunguka vijijini na kundi la La Barraca, wakionyesha vichekesho vya Cervantes bure, na sare ya wavulana ilikuwa ovaroli za bluu tu.

Afisa Utamaduni wa Manispaa apelekewe maandishi mapema, mwezi mmoja kabla.

Kuhusu yale maigizo ya majaribio uliyoyauliza, yaani yanayovunja mazoea ya jukwaa, ningeyatanguliza siku hiyo hiyo kama kionjo. Kundi la Neo-Futurists la Chicago tangu 1988 hucheza vipande 30 vya igizo kwa dakika 60. Namba za vipande hivyo zinaning'inia kwenye kamba, watazamaji wanapiga kelele namba wanayotaka, na kwa miaka mingi bei ya tiketi iliamuliwa kwa dadu. Dadu liache, mbele ya wazazi litaitwa kamari. Kamba ya kuanikia nguo itumie. Wanafunzi waandike vipande 10, kila kimoja ukurasa mmoja na dakika mbili, wakiigiza kama wao wenyewe, si mfalme wala mzee wa mkongojo. Tatizo hutokea kati ya kipande na kipande, pale watu wanapohangaika kuhamisha mabenchi. Kwa hiyo kipande chochote kisitumie zaidi ya kitu kimoja cha kushika mkononi, na mtunza saa akae mbele kabisa na filimbi.

Mkishapata waigizaji niandikie majina ya wahusika mliyoyabadilisha, nami nitakutumia orodha ya mistari ya Kihispania pamoja na matamshi yake. Wasalimie wote nyumbani.

Ni mimi rafiki yako,
Mwajuma