Kwa Zuhura, kuhusu stenti ya Mzee

Kibokoni, Mombasa

Mpenzi Zuhura,

Assalaam aleikum. Natumai Mzee yu mzima na ile ganzi ya mkono haijamrudia.

Uliniuliza kama stenti zote za mshipa wa shingo ni sawa, maadamu mshipa unapanuka. Hapana, si sawa. Kwa vile mimi hushinda chumba cha MRI, ile mashine ya sumaku ya kupiga picha za ndani ya mwili, acha nikueleze kabla hamjatia sahihi.

Stenti ni kimrija cha waya, aghalabu nitinoli, mchanganyiko wa madini ya nikeli na titani. Kikiachiwa ndani ya mshipa hutanuka chenyewe na kuyabana yale mafuta yaliyoganda ukutani. Shida ni mafuta yenyewe: mengine ni laini, hupenya baina ya waya, yakamegeka na kupanda na damu hadi kwenye ubongo. Ni mambo ya wavu, shoga yangu: tundu likiwa kubwa, dagaa wanapita. Daktari huweka kichujio wakati wa kazi, lakini hukitoa akimaliza, na vipande vyaweza kuendelea kutoka hata siku za baadaye. Hapo kinga iliyobaki ni matundu ya stenti.

Kipande kikiziba kijishipa cha ubongo, kwenye MRI huonekana doa jeupe, pengine la milimita chache, na mgonjwa mwenyewe anaongea na kutembea kama kawaida. Katika utafiti uitwao ICSS, uliolinganisha stenti na upasuaji, matokeo yake ya MRI yakitolewa 2010, madoa mapya yalionekana kwa wagonjwa 62 kati ya 124 waliowekewa stenti, na kwa 18 kati ya 107 waliopasuliwa shingo kusafishwa mshipa. Mengi hayakuwa na dalili. Hata hivyo mimi siyapuuzi, hasa kwa mzee ambaye kumbukumbu yake mnaitegemea nyumba nzima.

Sasa aina zenyewe. Kuna stenti ya matundu wazi, ambayo waya zake hazikuunganishwa kila zinapokutana, inayopinda vizuri penye kona, na ya matundu yaliyofungwa, ambayo zimeunganishwa zote, inayobana mafuta vizuri zaidi lakini ni ngumu na huweza kuunyoosha mshipa kwa nguvu. Kwenye utafiti mwingine kama huo wa Ulaya, uitwao SPACE, kiharusi cha upande uliotibiwa, au kifo kilichotokana nacho, ndani ya siku 30, kilikuwa asilimia 5.6 kwa yaliyofungwa na 11.0 kwa yaliyo wazi. Lakini wagonjwa hawakugawanywa kwa bahati nasibu nani apate stenti ya aina gani, na tafiti nyingine ndogo hazikuona tofauti. Siku hizi kuna zenye tabaka mbili, wavu mwembamba sana juu ya fremu. Utafiti wa SIBERIA wa Urusi, wagonjwa 100, uliona madoa machache kwa hizo kuliko kwa ya matundu wazi.

Basi muulizeni daktari: mafuta ya Mzee ni laini au yameganda kama jiwe? Mshipa una kona? Stenti gani mtamwekea, na kwa nini hiyo? Na upasuaji wa kusafisha je, haumfai zaidi? Daktari mzuri hakasiriki kuulizwa. Dawa za kuzuia damu kuganda, aspirini na klopidogreli, asiziache hata siku moja bila ruhusa, hata akijisikia mzima kabisa. Huyo Mzee wako namjua.

Mkija Mombasa msihangaike na gesti, chumba cha mbele ki tupu. Niletee picha zake za CT, tutazitazama pamoja kabla hamjaonana na daktari.

Wako,
Rukia