Omari, boti isilale na maji tumboni

Duluth, Jumapili usiku

Ndugu yangu Omari,

Salaam aleikum. Naandika mbiombio, salamu zenyewe utaletewa na Mwanaisha. Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza mara mbili, na kilichonishtua si hiyo futi moja ambayo trela na boti yako vinaizidi gereji, inayokukosesha usingizi. Ni pale uliposema, kama jambo la kupita, kwamba asubuhi ndoo ya uani ilikuwa na utando wa barafu, na boti bado iko nje, mashine yake ya nyuma imeinuliwa juu. Ishushe leo. Acha kusoma, toka uishushe isimame wima, halafu urudi.

Mashine ile hupozwa kwa maji ya ziwa. Ikisimama wima, yote hutoka yenyewe. Ikiinuliwa, mengine hubaki ndani, na mvua huingia kwa tundu la moshi katikati ya rafadha, lile panga la kusukuma boti. Maji yakiganda hutanuka kama asilimia 9, na kasha la gia haliwezi kuhimili hilo. Litapasuka kimyakimya, nawe utajua mwezi wa tano.

Sasa nafasi. Gereji futi 18, trela futi 19 kutoka kichwa cha kufungia hadi rafadha. Usikimbilie kulipa ghala. Vua mashine, na peke yake itakurudishia futi moja na nusu au zaidi. Mashine ya nguvu za farasi 25 ya mipigo minne (four-stroke) ina uzito wa kama kilo 60, kwa hiyo muwe wawili wenye migongo mizima, au mtumie winchi ya mnyororo. Kwanza chomoa bomba la petroli, nyaya za betri na kebo za usukani na gia, na kila waya uutie alama kwa utepe. Tengeneza stendi ya mbao za inchi 2 kwa 4, kitako kipana, juu ubao mnene wa kushikilia mashine kama inavyoshikiliwa tezini, nyuma ya boti. Isimame wima humo. Usiilaze hata wiki moja: mipigo minne ikilazwa ubavu usio wake, oili huingia kwenye silinda.

Ukihitaji nafasi zaidi, kuna bawaba ya kukunja mkono wa trela, kile chuma cha mbele cha kuvutia. Huo hukatwa, unafungwa bawaba na pini, na unakunjwa pembeni. Hurudisha kama futi mbili, lakini ni kwa trela yenye mkono mmoja ulionyooka. Yako sikumbuki kama ni hiyo au ile ya vyuma viwili vinavyokutana mbele. Kama ni vyuma viwili, sahau. Kuiweka mshazari kwenye gereji ya gari moja husaidia kidogo tu, kwa sababu tezi ni pana. Na wazo la Athman la kuning'iniza boti darini naomba ulikatae. Mbao zile zinabeba paa na theluji ya Minnesota, zisiongezewe boti.

Ila usije ukafunga mlango wa gereji ukadhani umemaliza. Gereji isiyo na hita ni uani penye paa tu. Baridi ya digrii 30 chini ya sifuri itaingia humo humo, kwa hiyo narudi palepale: maji.

Kabla hujaivua, kuna kazi ya kufanya mashine ikiwa bado botini. Tia dawa ya kuhifadhi petroli, kipimo kimeandikwa kwenye chupa. Petroli ya hapa ina ethanoli asilimia 10, inavuta unyevu, na ikikaa miezi mitano bila dawa huacha utomvu kwenye kabureta. Bana vile vikombe viwili vya mpira kwenye matundu ya kuvuta maji, fungulia bomba la maji, uwashe dakika kumi ili petroli yenye dawa ifike kote. Usiwashe kavu, pampu ya maji ina panga la mpira na huungua upesi. Ukizima, iache wima mpaka isidondoke hata tone. Kisha legeza skrubu ya chini ya kabureta uimwage. Petroli iliyobaki kwenye dumu mimina kwenye gari. Isiende kule chini kwenye basementi, kuna moto wa hita ya maji.

Halafu mafuta ya gia, na hapa usifanye haraka. Wengi huyabadilisha majira ya kuchipua, na ndiyo kosa lenyewe, kwa sababu kama maji yameshaingia yatalala humo msimu mzima wa baridi. Fungua skrubu ya chini, kisha ya juu, kinga kwa beseni. Yakitoka meusi ni uzee tu. Yakitoka meupe kama tui, maji yameingia, na mara nyingi mshipi wa kuvulia ndio uliokata sili (mpira wa kuzibia) ya mhimili wa rafadha. Kwa hiyo vua na rafadha uangalie nyuma yake. Kujaza unaanzia chini kwa pampu, mpaka yatoke juu bila mapovu. Funga ya juu kwanza, ndipo uchomoe pampu na kufunga ya chini. Gasketi mpya zote mbili, ni senti tu hizo.

Pampu ya tangi la samaki nayo ina maji. Pitisha ile dawa ya waridi isiyoganda, siyo ya kijani ya magari, hiyo ni sumu kwa mbwa.

Betri itoe, ijaze, iweke kwenye rafu, uipime kila mwezi: volti 12.6 au zaidi. Iliyojaa haigandi kwa baridi yetu, iliyokwisha huganda karibu digrii 7 tu chini ya sifuri. Sakafu ya saruji hainyonyi chaji, mwambie Athman nimesema tena.

Trela ioshe kwa maji matamu kama ilishapita barabara yenye chumvi. Beringi zifungue, ufute grisi yote ya zamani, uangalie kutu, upake mpya ya majini. Weka stendi za jeki chini ya ekseli ili tairi zisikandamizwe sehemu moja muda wote. Legeza mikanda ya tezini, wa omo, mbele, uache umekaza. Omo iwe juu, kizibo cha tundu la kutolea maji nje, majani yafutwe tunduni. Turubai lisibane kabisa, hewa ipite. Maboya na mito viingie ndani ya nyumba, panya hawachelewi.

Najua vyombo vya kwetu kusi ikichafuka vilivutwa juu ya magogo vikangoja. Huku pia ni kungoja, ila maji yanangoja nawe.

Sasa nijibu. Umeishusha? Mkono wa trela ni mmoja au miwili? Mlango wa gereji una upana gani, na kimo? Kizibo ulichokitoa ulipotoka ziwani uko nacho, au umekitupa kwenye lile sanduku la kamba? Mafuta ya gia yana rangi gani, unaweza kunitumia picha? Na Mzee Bakari, ile mashine yake ya mipigo miwili ameshaitoa nje ya kibanda au bado?

Nipigie kabla ya Jumatano usiku, redioni wanasema halijoto itashuka.

Wasalaam,
Bwanaheri